Kwani Kura Ni Maziwa?

Katika karakana ile ya useremala, watu walifanya kazi pamoja lakini hawakuaminiana hata kwa msumari. Kijana mmoja, aliyeitwa Msasa kwa sababu ya maneno yake makali, alificha gundi yake nyuma ya mbao. Mwenzake aliitwa Kimya, kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Huyo alihesabu misumari yake asubuhi na jioni. Chai ikiletwa, kila mmoja aliangalia kwanza kikombe cha mwenzake. Hawakuwa watu wabaya. Ila shaka ilikuwa imeingia humo kama mchwa, na mchwa hapigi hodi.

Mwenye karakana waliyemwita Mjomba hakuwa mjomba wa wote. Alikuwa mjomba wa kweli wa mtu mmoja tu, msichana aliyeitwa Randa. Baba yake Randa alifariki mapema. Mama yake ni dada wa Mjomba. Basi Mjomba akamlea mpwa wake, akampeleka chuo cha ufundi. Msichana aliporudi alipiga randa, chombo cha kulainishia mbao, vizuri kuliko wanaume wote wa mstari ule wa karakana, watu wakampa jina la chombo chake.

Alirudi pia na mambo mapya. Moja lilikuwa alama. Mjomba hakutumia alama. Alipima, akaweka kipimo kichwani, mara nyingine akasahau, akakata ubao mzuri mahali pabaya. Randa aliwafundisha vijana njia nyingine.

"Sehemu ya kukatwa na kutupwa, ipige mkasi," alisema. Mkasi ni mistari miwili inayokatana. "Sehemu unayoitaka iache safi. Usiiguse kabisa."

Toka siku hiyo ubao haukupotea ovyo. Karakana za jirani nazo zikaiga. Mstari mzima ukawa na lugha moja: kilichopigwa mkasi ni taka, kilichoachwa safi ni mali.

Sasa uchaguzi wa diwani ulikuwa umekaribia. Asubuhi moja mama yake Randa alileta chai karakanani. Akamkuta binti yake anatia patasi na misumeno kwenye gunia.

"Unafunga vyombo, unakwenda wapi?"

"Nikimaliza kabati hili naondoka, mama. Nimepata nafasi karakana ya ng'ambo ya soko."

"Na mjomba wako?"

"Mjomba ana watu wake. Umesikia? Mkunga amemwomba tena awe wakala wake."

Mkunga alikuwa mgombea wao. Nusu ya vijana wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake. Alikuwa ameahidi kusimamia mtaro uchimbwe, kwa maana mvua ikinyesha maji yaliingia katika karakana zote na kuvimbisha mbao. Wakala ni mtu anayekaa ndani ya chumba cha kura kwa niaba ya mgombea, ili aone kila kitu kinavyokwenda. Katika uchaguzi uliopita wakala wa Mkunga alikuwa Mjomba.

Mama akaketi juu ya rundo la mbao. "Sema yote leo, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humwumbua."

"Nisemeje tena, mama? Mwaka ule vijana wa mstari huu sote tulimtaka Mkunga. Tulipita thelathini! Tulipanga foleni pamoja, chumba kimoja. Jioni matokeo yakabandikwa mlangoni. Mkunga kapata kura kumi na mbili. Kumi na mbili, mama! Zetu zilikwenda wapi? Aliyekuwa ndani nani? Mjomba. Tukamwuliza, akajibu nini?"

"Alisema nyingi zimeharibika."

"Zimeharibika! Kwani kura ni maziwa, zichache?"

Maneno hayo ndiyo yaliyozunguka mtaani mwaka ule. Hata watoto waliyasema. Mjomba akipita, mtu anakohoa na kuuliza bei ya maziwa. Mjomba alisikia, akainamisha kichwa, akaenda zake. Na Randa alimtazama akiinamisha kichwa, akasema moyoni, mwenye hatia huyo.

"Na mwezi haukuisha," Randa aliendelea, "akaja na pikipiki. Mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu!"

"Pikipiki ile, mwanangu, ilikuwa..."

"Usimtetee, mama."

Mama akanyamaza. Alikosea. Angemalizia sentensi ile tu, mimi ningekuwa na hadithi fupi zaidi. Lakini aliogopa kuwekwa katikati ya ndugu yake na mwanawe, kama tunavyoogopa wengi wetu. Miaka ilikuwa imepita hivyo. Mjomba na mpwa walifanya kazi kwenye meza moja, wakisemeshana kwa vipimo tu. "Nipe futi mbili." "Punguza inchi." Basi.

Kesho yake, saa ya chai, alikuja jirani mmoja. Huyu alifundisha watu wazima kusoma, kila mtu alimwita Mwalimu. Mwaka huo tume ya uchaguzi ilikuwa imempa mafunzo ya kuelimisha wapiga kura. Alibeba karatasi chini ya kwapa.

Kabla hajakaa, Msasa alimwuliza, "Mwalimu, umetumwa na nani?"

"Na tume."

"Na chama gani?"

"Kazi hii haina chama."

"Wote husema hivyo."

Mwalimu hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa. "Nishuku tu, baba. Kushuku si kosa. Ila ukishuku, uliza. Ukishuku halafu ukakaa kimya, huo unakuwa uzushi."

"Haya, mimi nauliza," akasema Kimya. "Nasikia kwenye kile kijumba cha kupigia kura kuna kamera."

"Nani alikuambia?"

"Niliambiwa."

"Na aliyekuambia, aliambiwa na nani?"

"Naye aliambiwa tu."

"Basi tumtafute wa kwanza, tumpe kazi ya redio." Watu wakacheka. Mwalimu akaendelea, "Kura ni siri. Karatasi haina jina lako, na wewe usiandike jina wala kutia saini. Unaingia peke yako, unaweka alama, unakunja, unatumbukiza. Na simu usiitoe. Mtu akikuambia piga picha kura yako umletee, huyo ndiye wa kumshuku. Anataka kukununua, na hataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Kura yangu haina kazi," Msasa akasema. "Wenye mipango yao wameshapanga."

Randa alikuwa amewapa mgongo, anapiga randa mlango wa kabati. Akasimama.

"Na mawakala wanaouza kura, Mwalimu? Hao dawa yao nini?"

Mjomba alikuwa kwenye meza yake anachora kipimo. Mkono wake ulisimama, lakini hakuinua uso.

"Tutafika huko," Mwalimu akasema polepole. "Kwanza chukueni hizi. Ni karatasi za kujifunzia. Hakuna watu humu, kuna matunda. Embe, ndizi, nanasi, chungwa. Kila mmoja achague tunda moja, kama anapiga kura kweli."

Randa hakutaka. Msasa akamtania, "Unaogopa hata nanasi?" Basi akaichukua, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaichora haraka, akairudisha.

Mwalimu akaitazama. "Umechagua tunda gani?"

"Nanasi."

"Mbona kwenye nanasi hakuna kitu? Umeweka alama kwenye embe, ndizi na chungwa."

"Ndiyo. Hayo nimeyapiga mkasi, siyataki. Nanasi nimeliacha safi."

Mwalimu akachukua karatasi ya Msasa. Mikasi mitatu, tunda moja safi. Akachukua ya Kimya. Vilevile.

"Nani aliwafundisha hivi?" akauliza.

"Si huyu Randa?" Msasa akajibu. "Uchaguzi ule, tukiwa kwenye foleni. Wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza. Tukamwuliza mambo yanakuwaje humo ndani. Akasema ni kama ubao. Usiyemtaka mpige mkasi, unayemtaka mwache safi. Ikapita foleni nzima, mpaka kwa mtu wa mwisho."

"Na maelekezo yaliyobandikwa ukutani, mliyasoma?"

"Tuyasome ya nini? Tulikuwa na mtu wa chuo," akasema Kimya, kisha akajutia maneno yake.

Mwalimu akaiweka karatasi ya Randa mezani, wote waione. "Kwenye ubao, alama ni kutupa. Kwenye kura, alama ni kuchagua. Unaweka alama moja tu, kwenye kisanduku cha mtu mmoja, yule unayemtaka. Ukiweka tatu, umechagua watatu. Anayehesabu hawezi kujua moyo wako. Kura kama hii hawampi mtu yeyote. Inawekwa kando. Ndiyo inayoitwa kura iliyoharibika."

Hapo hakuna aliyetaja maziwa.

Mjomba aliweka penseli chini. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Mimi niliziona. Msimamizi aliinua karatasi mojamoja, mawakala wote tuone. Mikasi mitupu. Ya kwanza, ya pili, ya kumi, haziishi. Nilidhani mmefanya makusudi. Nilisema, vijana wangu wamekwenda kuwafuta watu wote, wamefanya uchaguzi mzaha, na Mkunga wa watu anaaibika. Niliona haya hata kuwaeleza. Ninyi mlinishuku mimi, na mimi niliwashuku ninyi."

"Lakini kila moja ilikuwa na kisanduku kimoja safi, Mjomba!" Randa alisema. "Hukuona?"

"Sikuangalia pasipo na alama, mwanangu. Nani huangalia pasipo na alama?"

Randa akatafuta pa kushika. Shaka ngumu haifi kwa pigo moja. "Na pikipiki?"

"Pikipiki gani? Ile mbovu? Yule bwana wa kabati la milango minne, aliyehamishwa kazi. Hakuwa na fedha ya kulimaliza, akaniachia pikipiki. Kabati lenyewe si wewe uliyelipaka vanishi?"

Ni kweli. Alilipaka yeye, mara mbili.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Randa akalia. Alilia mbele ya wote, bila kujificha, vumbi la mbao likamganda mashavuni. "Nisamehe, Mjomba. Kura za watu nilizitupa mimi. Nikakuita wewe mwizi."

"Hukuniita."

"Nilikuita. Si mbele yako. Kwa watu."

"Najua," akasema Mjomba. "Nilikuwa nasikia."

Nilitaka kuwaandikia hapa kwamba Mjomba alimkumbatia na yakaisha. Hayakuisha hivyo. Alitoka nje, akasimama karibu na ule mtaro usio mtaro, akatazama matope. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Uliniumiza," alimwambia mpwa wake. "Nilikulea, ukaniona wa kununuliwa. Sasa sikiliza. Mwaka huu mimi siingii kwenye chumba kile. Utaingia wewe. Nitamwambia Mkunga. Ukae humo toka asubuhi mpaka mwisho, uone kwa macho yako."

Msasa akamnong'oneza Kimya, "Na huyu naye akituuza?" Kimya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakujibu.

Jioni ile Randa alifungua gunia, akarudisha patasi zake kwenye rafu. Kisha akamwomba Mwalimu karatasi za matunda. Siku zilizofuata alipita karakana moja baada ya nyingine, akila aibu yake mwenyewe.

"Ulitudanganya mara ya kwanza," fundi mmoja wa vitanda alimwambia. "Leo tukuamini kwa nini?"

"Msiniamini," Randa akajibu. "Nimekuja kuwaambia hivyo. Someni maelekezo yatakayobandikwa pale kituoni. Usiyeelewa, mwulize msimamizi kabla hujaweka alama. Na ukikosea kabla hujatumbukiza karatasi, irudishe, uombe nyingine. Ni haki yako."

Fundi wa vitanda akaichukua karatasi, akaweka alama moja kwenye ndizi. Kisha akaigeuza nyuma, akaitazama kwenye mwanga wa jua. Alitaka kuhakikisha.

Siku ya kura, Randa alikaa kwenye benchi la mawakala. Alikuja na barua yake ya uwakala, akaapishwa, akavaa kitambulisho. Sanduku lilifunguliwa, mawakala wote wakaonyeshwa kwamba ni tupu. Wengine waliangalia ndani. Randa aliangalia ndani, akaliinua akaangalia na chini, akagonga mbao zake kwa vidole. Msimamizi alicheka. "Wewe fundi?"

"Ndiyo. Nasikiliza kama lina chumba cha siri."

Halikuwa nacho. Likafungwa, likatiwa lakiri lisifunguliwe kwa siri.

Kituo kilipofungwa, hesabu ilianza palepale. Msimamizi aliinua karatasi mojamoja. Ilikuja moja iliyobishaniwa. Alama ilikuwa kwa mpinzani wa Mkunga, mfanyabiashara wa saruji. Mkono uliotia alama ulitetemeka, mstari ukatoka nje kidogo ya kisanduku. Kijana mmoja, wakala wa mgombea wa tatu, akasema hiyo itupwe.

Randa angeweza kunyamaza. Ingetupwa, Mkunga angefaidika. Aliitazama. Aliona mkono wa mzee, au wa mgonjwa, au wa mtu aliyeingia mara ya kwanza na moyo unamdunda.

"Alama ni moja," akasema. "Imekaa kwake. Aliyeiweka alijua anachotaka."

Msimamizi akasoma mwongozo, akakubali. Kura ikaenda kwa mfanyabiashara wa saruji.

Zilizoharibika zilikuwa mbili tu chumba kizima. Mkunga alishinda chumba kile kwa mbali. Mawakala wakatia saini, matokeo yakabandikwa mlangoni. Lakini kata ilikuwa na vyumba vingi. Habari zilipokusanywa, Mkunga alikuwa ameshindwa kwa kura chache sana.

Randa alitoka. Vijana walikuwa wanamsubiri kwenye geti. Msasa alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Sema kweli, Randa. Walikupa nini?"

Moto ulimpanda Randa mpaka masikioni. Alitaka kumzaba kofi. Siku nzima hakunywa hata maji! Ndipo akajua Mjomba alibeba kitu gani miaka yote ile, na akaona haya upya.

"Unanishuku?" akauliza.

"Ndiyo."

"Vizuri. Basi usikae nayo. Kila chumba kimebandikwa matokeo yake mlangoni. Nendeni mkasome yote, mjumlishe wenyewe."

Wakaenda, mlango kwa mlango. Msasa alijumlisha kwa simu yake. Kimya hakuiamini simu ya Msasa, akajumlisha kwa yake. Fundi wa vitanda hakuziamini zote mbili, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Hesabu zote tatu zilikuwa moja, na zililingana na ile iliyotangazwa.

"Tumeshindwa kweli," Msasa akasema, kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa hata mtu wa kumlaumu.

Nyumbani, Mjomba alikuwa amekaa mezani na mama yake Randa. Sahani ya Randa ilikuwa imefunikwa.

"Tumekosa, Mjomba."

"Nimesikia. Nawa mikono, ule."

Randa akala kidogo, akaacha. "Huniulizi ilikuwaje?"

"Ulikuwa ndani wewe," akasema Mjomba. "Mimi nikuulize nini?"

Mama akageukia dirishani, akajifanya anatafuta kitu.

Diwani mpya, yule wa saruji, hakuwa mjinga. Alijua kusoma matokeo. Aliona chumba kimoja, cha mafundi, ambacho safari iliyopita kilijaa kura zilizoharibika, na safari hii nusura kimwangushe. Hazikupita wiki nyingi akafika karakanani, viatu vyake vikiogopa matope.

"Nasikia mnataka mtaro," alisema.

Vijana walitazamana. Kimya akauliza mtaro ungeanza lini. Msasa akauliza ungeishia wapi, maana maji hayajui ahadi. Wakaenda kwenye mkutano wa kata, wakauliza tena mbele ya watu, majibu yakaandikwa. Mwezi uliofuata wachimbaji walikuja.

Siku diwani alipokuja kukagua, alikuta mafundi wamejipanga kando ya mtaro. Randa alikuwa na futi ya kupimia mkononi. Diwani alitabasamu nusu.

"Mbona hivi, binti? Hamniamini?"

"Tunakuamini, mheshimiwa," Randa akasema. "Ndiyo maana tumekuja na futi."

Akaishusha futi mpaka chini ya mtaro. Ng'ambo ya pili Mjomba alikuwa ameshainama, bila kuambiwa, akashika ncha yake.